Mitaro Saba ya Namba Tano

Mimi mchezaji namjua kwa soli. Wengine humtazama akicheza, wakapiga makofi, wakasema huyu ana mguu. Mimi namngoja Jumatatu aniletee viatu. Nina kibanda cha kushona viatu karibu na soko la Machakos, na kwa miaka ishirini nimeshika njumu nyingi kuliko daktari alivyoshika vifua vya watu. Njumu ya mshambuliaji huja imeachama mdomo, kwa sababu mwenyewe hupiga mpira kwa kidole ili aonekane. Ya kiungo huisha upande mmoja, kama kiti cha mtu anayekaa akiegemea. Lakini njumu ya beki wa kweli huisha kisigino. Beki anarudi nyuma, anarudi nyuma, anarudi nyuma, na macho yake yako mbele. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote duniani, ukiondoa ya kuwa mkwe.

Katika maisha yangu nimeletewa viatu vya namna hiyo jozi moja tu, na vilikuwa vya Namba Tano wetu.

Timu yetu ni ya kule Kalama nilikozaliwa na ninakorudi kila jioni. Uwanja ni wa shule ya msingi na umelala kwenye mteremko, hivi kwamba kipindi kimoja tunacheza tukipanda kama mbuzi na kipindi kingine tunacheza tukifukuzwa na mpira. Wageni husema tumewaroga. Hatujamroga mtu, ni mlima tu.

Ukatibu wa timu niliupata kwa sababu ya cheti. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na tatu, katika darasa la jioni lenye watu wazima ishirini, balbu moja na mbu elfu saba. Hesabu ilinishinda kwa mabao mengi, lakini somo la Biashara nililitawala, hasa mlango wa mikataba. Mwalimu alisema mkataba unataka mtu wa kutoa, mtu wa kukubali, na kitu cha kubadilishana. Siku ile nilitembea nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ikulu. Wiki hiyohiyo nikamwandikia mke wangu mkataba wa nani atafungua mbuzi asubuhi. Akausoma, akatia sahihi, akaongeza kifungu chake chini. Mpaka leo mbuzi nawafungua mimi.

Basi watu wa Kalama wakasema mtu aliyesoma gizani lazima anaona mbali, wakanifanya katibu.

Mwenyekiti wa timu ni mwenye kisiagi cha unga, na ugonjwa wake ni washambuliaji. Akisikia kuna kijana amefunga bao mahali, hata kama amelifunga kwenye harusi, lazima amlete. Mwaka ninaousimulia tulikuwa na wachezaji kumi na wanane, na kati yao washambuliaji walikuwa tisa. Mmoja alitoka Mavoko na nywele zake za rangi ya chungwa, amepanga chumba Machakos mjini, na Kiswahili chake nilikielewa kwa kutazama mikono yake. Alikuwa amewahi kufunga bao kutoka katikati ya uwanja. Ni kweli mpira ulikuwa unateremka, lakini mwenyekiti hakutaka kusikia habari za mteremko.

Tulikuwa tunafunga matatu tunafungwa manne. Nikamwambia mwenyekiti, "Wewe unanunua madirisha, na nyumba haina ukuta."

"Katibu, watu hawaji uwanjani kuangalia ukuta."

"Wanakuja kuangalia nini, dirisha limeanguka?"

"Si tuko na Namba Tano?"

"Ndiyo. Mtu mmoja. Ukuta wa tofali moja."

"Sasa ni tofali nzuri," akasema, akarudi kwenye unga wake.

Hapo ndipo ilipokuja habari kwamba tofali lenyewe linang'olewa. Timu moja ya wachonga vinyago wa Wamunyu ilikuwa inamtaka Namba Tano, na haikuja na maneno matupu. Ilimwahidi kitanda cha kuchongwa, chenye simba wawili kichwani, pamoja na kazi ya kupiga msasa. Nani angekataa kulala chini ya simba wawili? Nilijua Namba Tano akiondoka, tutashuka daraja kabla yeye hajafika stendi.

Nikachukua karatasi, kalamu na kaboni, nikapanda kwao.

Namba Tano ni mrefu, mkimya, mchimba visima kwa kazi. Mimi huamini yeye husema neno moja kwa mwezi, na huwa amelifikiria tangu mwezi uliopita. Anaishi na mama yake kwenye shamba lililosimama wima kama ngazi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa chai. Mama yake alikuwa anapukuchua mbaazi na hakuinua kichwa.

"Katibu, unakula mbaazi?"

"Nakula, mwaitu," nikamjibu, kwa maana kwetu mama yeyote wa umri ule ni mwaitu, mama yetu, na kama una shida unalitamka mara mbili. "Nakula sana, mwaitu."

"Basi angalia kule." Akaonyesha shamba kwa kidevu. "Hizi za mkononi ni za mwaka huu. Mbaazi zangu za mwaka jana zilivunwa na jirani wa chini. Mbegu yangu, mbolea yangu, udongo wangu, maji yalibeba vyote yakampelekea. Alikuja kunishukuru na debe moja."

"Pole, mwaitu."

"Mwanangu kila Jumapili anazuia wanaume wazima wasipite. Na kwangu maji yanapita katikati ya miguu yangu nikiwa nimesimama. Kuna haki?"

Nikasema hakuna.

"Wale wa Wamunyu wanampa kitanda. Kitanda ni kizuri, lakini hakizuii maji. Wewe umekuja na nini?"

Nilitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika heshima, upendo wa mashabiki, na jezi mpya endapo zitapatikana. Nikaikunja polepole nikaitia mfukoni.

"Tuko na watu, mwaitu," nikasema. "Wanaume kumi na wanane wenye mikono."

Hapo akainua kichwa. Goti lake lilikuwa limeharibika, lakini zamani ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya wa mlima ule. Mwethya ni kazi yetu ya zamu: leo kijiji kizima kinalima kwako, kesho kwangu, na mwenyeji anapika. Sheria zake ni chache na hazina rufaa. Shamba likianza linamalizwa. Mwenyeji haendi kulima kwa mwingine kabla lake halijaisha. Na aliyeitwa asipokuja, analipa kuku na kusemwa mpaka wajukuu wake wasikie.

"Mitaro saba," akasema. "Fanya juu. Kabla ya mvua."

Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kukata mteremko, na udongo wake unatupwa upande wa juu ukawa tuta la kushikilia maji. Milima yetu yote imevaa mitaro hiyo kama mikunjo ya sketi, isipokuwa shamba lake, kwa sababu baba wa nyumba alifariki mapema na kijana alikuwa anachimbia watu visima.

Nikaandika mkataba pale pale. Siku hizi wachezaji wakubwa wana mawakala wenye suti. Kama wangemwona mama huyu, wangerudisha suti dukani. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma neno kwa neno.

"Hapa umeandika 'mvua kubwa.' Kubwa ni ipi? Andika mvua ya kwanza."

Nikaandika.

"Mtaro wa urefu gani? Kesho mtanichimbia shimo la kupanda mgomba mniambie ni mtaro. Andika kutoka mpaka hadi mpaka."

Nikaandika.

"Na lini? Wanaume wakiahidi shamba wanalianza la mwisho."

Nikaongeza, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: *Shamba la mchezaji huyu ndilo litakalotangulia mashamba mengine yote.* Na mwisho: *Mvua ya kwanza ikikuta mitaro haijatimia saba, mchezaji ni huru kwenda timu yoyote, Wamunyu ikiwemo.* Akakubali. Nakala yake akaiweka ndani ya Biblia, kati ya Nuhu na mnara wa Babeli.

Namba Tano alitia sahihi, akasema, "Sawa." Mwezi huo ukawa umeisha kwa upande wake.

Nilishuka mlima ule nikiimba. Na kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na sanamu sokoni.

Jumapili iliyofuata mshambuliaji wa kwanza alinivuta kando. "Katibu, nasikia Namba Tano anachimbiwa. Na sisi je? Sisi tunakula nyasi?" Akaja wa pili. Akaja kipa. Mimi ni mtu ambaye hapana haitoki mdomoni mwake; nimezaliwa bila jino hilo. Tena nilikuwa na mkataba mzuri namna ile, ningeuacha ulale? Nikaketi kibandani siku tatu nikiunakili, nabadilisha jina tu. Nilimpa kipa, ambaye shamba lake ni tambarare kama meza ya askofu. Nilimpa yule wa Mavoko, ambaye hana shamba hata la kupanda kitunguu. Wote kumi na wanane walipata mitaro saba kabla ya mvua ya kwanza, na kila karatasi ilisema shamba la mchezaji huyu ndilo litakalotangulia. Ukiiunganisha mitaro hiyo yote, maji ya Kalama yangefika Konza yakiwa yamepiga mstari.

Nami sikuona kosa. Niliona tu wachezaji wanacheka. Wiki hizo tulicheza kama watu waliokula nyama: tukatoka sare mara mbili bila kufungwa bao, na mimi nikaanza kutembea na kalamu sikioni. Nikatangaza Jumamosi ya mwethya. "Kila mtu asome mkataba wake," nikasema kwa sauti ya hakimu.

Walisoma vizuri sana.

Jumamosi hiyo, katika mlima mzima, nyumba kumi na saba ziliamka alfajiri kupika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, chakula ambacho hakipikwi kidogo. Kila nyumba ilipikia wageni kumi na saba. Majembe yakanolewa, viti vikatolewa nje. Kisha kila mchezaji akaketi mlangoni kwake akangoja. Saa mbili akangoja. Saa nne akangoja. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake, kwa sababu wote walikuwa wenyeji, na mwenyeji haachi shamba lake siku ya mwethya. Walioweza kuonana ng'ambo ya bonde walipungiana mikono, kila mmoja akimwita mwenzake aje. Yule wa Mavoko alinunua mandazi kumi na saba, akayapanga juu ya kitanda katika chumba chake cha kupanga, akangoja pia. Mimi nilizungukia nyumba nne, na kila nilipofika nilikaribishwa muthokoi. Nilikula kote. Sikutaka kuvunja mkataba.

Jumapili baada ya mazoezi nikaitwa katikati ya uwanja. Kila mtu alikuwa na karatasi yake mkononi, na mikono ilikuwa juu kama ya watu wanaodai penalti.

"Mimi ndiye wa kwanza! Soma hapa!"

"Wa kwanza ni wewe, na hii yangu imeandikwa nini, wa pili?"

"Mama yangu amepika sufuria ya harusi! Mpaka kuku wamechoka kula!"

"Buda," akasema wa Mavoko kwa upole, maana ndivyo anavyomwita mzee yeyote, akinionyesha kifungu, "hizi trench zangu zinachimbwa wapi? Kwa nyumba ya landilodi?"

Kocha wetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alizipitia karatasi zote kumi na saba, akavua kofia. "Katibu," akasema, "wewe ulisoma usiku. Taa ilikuwa imewashwa?"

Mwenyekiti akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Namba Tano hakuwa amecheka wala hakuwa na karatasi mkononi. Alinijia akanipa kipande kilichokunjwa, kutoka kwa mama yake. Kiliandikwa mstari mmoja: *Katibu, mimi nimeona mawingu. Wewe umeyaona?*

Niliyaona. Yalikuwa yamekaa juu ya vilima kama mashabiki wa ugenini. Usingizi ulinihama siku mbili. Nilikuwa nawaza kitanda kile, simba wawili wakinitazama.

Jumanne sikufungua kibanda. Nilibeba jembe la mke wangu, nikapanda kwa mwaitu peke yangu. Alikuwa uani. Alinitazama, akatazama jembe, akatazama kitambi changu.

"Wengine wako wapi?"

"Ndio mimi, mwaitu."

"Wote kumi na wanane?"

"Kwa leo."

Akanipa uji, nami nikaingia shambani. Miaka ishirini nimeinama juu ya viatu, na mgongo wangu ulikuwa umeshaamua kuinama kwake ni kule tu. Kwa pigo la kumi mikono ilitoa malengelenge makubwa kama mayai ya kanga. Kisha nikasikia sauti kutoka uani:

"Katibu! Unatupa wapi huo udongo?"

"Chini, mwaitu! Ni rahisi!"

"Rahisi ndiyo ilinimalizia mbaazi! Juu! Fanya juu!"

Kufikia saa nne nilikuwa nimechimba mtaro wa kutosha kumzika paka. Ndipo Namba Tano alipotoka kwenye kisima alichokuwa anachimba, akanikuta. Alichukua jembe la pili akasimama kando yangu, na kabla sijajipangusa jasho alikuwa ameniacha hatua ishirini.

Hatujakaa sana, nikaona nywele za chungwa zinapanda mlima.

"Buda! Umefunga kibanda na njumu zangu ziko ndani!" Alikuwa amenitafuta tangu asubuhi. Alisimama ukingoni, akatazama malengelenge yangu, akamtazama mama aliyekuwa amekaa na goti lake limenyooshwa. "Hizi ndizo zile trench za mkataba?"

"Ndizo."

"Na mvua ni lini?"

Namba Tano akaonyesha juu kwa kidole.

Kijana akatoa karatasi mfukoni, ikiwa imekunjwa vizuri kama cheti cha kuzaliwa. "Mimi sina shamba," akasema. "Zangu saba mpeni mathe." Akamwonyesha mwaitu kwa kidevu, akaiweka karatasi chini, akaweka jiwe juu yake, akakunja suruali. Udongo wa kwanza akautupa chini. "Juu!" tukapiga kelele mwaitu na mimi, mtaalamu.

Mwaitu aliitazama ile karatasi chini ya jiwe. Kisha akanyanyuka kwa fimbo, akaingia ndani, akatoka na filimbi ya zamani iliyofungwa kamba nyeusi kwa uzee.

"Mlikuwa mnaalikana kwa karatasi," akasema. "Mwethya ni wa filimbi."

Akaipuliza. Mimi nimesikia marefa wengi, lakini hakuna aliyenisimamisha nywele kama yule. Ilipiga mara tatu, ikagonga ng'ambo ya bonde ikarudi. Na katika mlima wetu mtu mwenye jembe nyumbani hawezi kusema hakuisikia, kwa maana mama yake ameisikia na anamtazama. Wakatoka. Wanawake ndio walitangulia, wenzake wa zamani, wengine wakubwa kuliko yeye. Nyuma yao wachezaji, mmoja mmoja, kila mmoja na jembe begani na uso wa mtu aliyeletwa. Waliokuwa na mikataba mfukoni waliiweka chini ya jiwe lilelile, juu ya ile ya Mavoko. Hakuna aliyewaambia.

Na sasa sikilizeni habari za ulinzi, ninyi mnaonunua washambuliaji. Mama huyu hajawahi kuangalia mechi hata moja, lakini alitupanga kwa dakika tano vizuri kuliko kocha kwa msimu mzima. Washambuliaji wote tisa walikimbilia mtaro wa juu, unaoonekana barabarani. Akawarudisha.

"Hapa hakuna wa kuonekana! Simameni mstari mmoja! Wewe mrefu, usitangulie. Wewe, usibaki nyuma. Mwenye haraka anaacha pengo, na maji hayana kazi nyingine ila kutafuta pengo."

Nilimwona kocha amesimama na jembe mkononi, midomo yake inatembea. Alikuwa anakariri.

Tulichimba. Wanawake waliimba, na ukiimbiwa na wanawake wa Kalama huwezi kuchimba taratibu hata kama umekufa. Mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwenyekiti alikuja na unga akabakizwa na jembe. Kufikia saa tisa ulikuwa umeisha wa sita, na wa saba, ule wa chini kabisa unaopakana na jirani, umefika nusu. Nikainua uso kushukuru Mungu, na tone likaniingia jichoni.

Mvua ya Ukambani hainyeshi. Inamwagwa. Tulisikia bati za shule zinalia, kisha bonde likapotea, kisha maji yakaja. Mtaro wa kwanza ukashika. Wa pili ukashika. Maji yaliyofurika juu ya matuta yakashuka ngazi kwa ngazi, yakifika kila mtaro yamepungua nguvu, lakini mwishowe yalifika wa saba, yakatazama kushoto yakaona tuta, yakatazama kulia yakaona pengo. Na hapo mbele ya pengo kulikuwa na mbaazi zilizochipua juzi.

"Ukuta!" kocha akapiga kelele.

Sijui aliyeanza. Ninachojua ni kwamba tulijikuta tumesimama katika lile pengo bega kwa bega, wanaume kumi na tano hivi, nyuma yetu wanawake wanasukuma udongo na magunia kwenye visigino vyetu. Na kwa mazoea, kama ilivyo katika ukuta wa frikiki, kila mmoja alikuwa ameweka mikono miwili mbele pale mahali pa heshima. Washambuliaji tisa walikuwa ndani ya ukuta huo. Nilitamani kulia. Maji yalipotugonga, yule wa Mavoko, kwa ujuzi wote wa miguu yake, akaruka, kama wanavyoruka mabeki mpira ukipigwa, na mto mzima ukapita chini yake.

"USIRUKE!" ikanguruma sauti ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia. Ilikuwa ya Namba Tano.

Kijana akatua, hakuruka tena. Udongo ukapanda mpaka magotini, magunia yakashikamana, na maji yakageuka. Taratibu, kama mshambuliaji aliyechoka kubishana na beki, yakaenda pembeni yakalala ndani ya mtaro. Mbaazi zilibaki zimesimama. Jirani wa chini, aliyekuwa ametoka na mwavuli kuona anapelekewa nini mwaka huu, akarudi ndani.

Mvua ilipotulia tulijazana chini ya paa la jiko, tunatoa mvuke kama viazi. Nilidhani tumeshinda. Mwaitu akavaa miwani, akafungua Biblia pale pa Nuhu, akatoa mkataba.

"Mvua ya kwanza imekuja?" akaniuliza.

"Imekuja, mwaitu."

"Mitaro iko mingapi?"

"Sita." Nikahesabu tena kwa vidole. "Na nusu."

"Nusu imeandikwa wapi?"

Haikuwa imeandikwa. Niliyeandika ni mimi. Nikatazama chini, nikaona vidole vyangu vya miguu vimekuwa vyeupe kama maharagwe yaliyolowekwa.

"Basi mwanangu ni huru," akasema. "Mkataba ni mkataba. Ningekuwa mimi ndiye nimekosa, mngenisamehe?" Mwenyekiti alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu wa mazishini. Mama akamgeukia kijana wake. "Wewe. Kitanda kinakungoja. Unasemaje?"

Namba Tano alikuwa ameegemea mlango. Tulijua amesema leo, na kwa hesabu yake hatungepata neno jingine mpaka mwezi ujao. Aliinama akaingia ndani. Tukasikia anapekua. Nikafikiri anafunga mzigo, na kwa kweli machozi yalinilenga, ingawa kwa jinsi nilivyolowa hakuna ambaye angejua.

Akatoka ameshika njumu zake. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimekwisha kabisa, cha kulia kimebaki ngozi. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaniwekea mikononi.

"Jumapili," akasema.

Jumapili tulikuwa na mechi.

Mwenyekiti alinikumbatia mpaka kalamu ikavunjika sikioni. Mwaitu hakumkumbatia mtu. Aliomba kalamu nyingine, akakata neno *saba* kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake *sita na nusu*, akatia sahihi pembeni kama sheria inavyotaka, akanipa nami nitie. Kisha chini akaongeza vifungu viwili kwa mkono wake. Cha kwanza, kwamba katibu hataandika mkataba wowote wa timu bila yeye kuusoma. Cha pili, kwamba nusu iliyobaki ya mtaro wa saba itachimbwa na katibu, peke yake, bila filimbi.

Njumu zile nilizitia visigino vya tairi la lori. Vitamzika mwenyewe, na mimi, na lori. Ile nusu ya mtaro ilinichukua Jumamosi tano, na kila Jumamosi mashabiki wa Kalama walikaa barabarani na miwa yao kutazama, wengi kuliko wanaokuja uwanjani, na kila nilipochoka nikainamisha jembe upande usiofaa, mlima mzima ulipiga kelele kwa sauti moja:

"Juu, katibu! Juu!"